Pango la Miezi Sita, Rejesho la Kila Mwezi: Kukopa kwa Nyumba ya Kupangisha Arusha na Moshi

Nyumba inaweza kuwa na wapangaji sita kule Muriet, hakuna anayedaiwa hata senti, na bado mwenye nyumba akakosa fedha ya rejesho la benki mwezi wa nne. Ukiikagua hesabu yake ya mwaka utaikuta iko sawa. Kilichomponza ni kalenda. Wapangaji wote waliingia Juni wakalipa miezi sita, wakalipa tena Desemba, na fedha ya Desemba ikaishia kwenye sikukuu, ada za Januari na bati la nyumba ya mama huko Marangu. Benki haikupokea miezi sita. Inadai chake kila mwezi, na mwezi wa nne nao umo.

Kwa hiyo kupanga fedha za nyumba ya kupangisha huku kwetu ni kazi mbili. Ya kwanza ni kujua nyumba inaweza kubeba deni kiasi gani. Ya pili ni kuyapanga malipo ya wapangaji yafuatane na rejesho. Wengi huishia kwenye ya kwanza, nayo huifanya nusunusu.

Neno moja kabla ya hesabu. Mtaani tunasema "kodi" kwa fedha ya mpangaji na kwa fedha ya TRA. Humu fedha ya mpangaji ni pango, na kodi ni ya serikali, tusichanganye mifuko.

Anza na kinachobaki

Tuchukue nyumba ya mfano: vyumba sita, kila kimoja chumba na sebule, choo na jiko ndani, pango Sh150,000 kwa mwezi. Bei hii ni ya kufanyia hesabu tu. Njiro utapata zaidi, Sombetini au Pasua huenda ukapata pungufu, kwa hiyo weka yako. Kwa mwezi ni Sh900,000, kwa mwaka Sh10,800,000. Dalali atakutajia hiyo namba ya mwaka, na hapo ndipo atakaponyamaza.

Ondoa kwanza miezi mitupu. Hata nyumba nzuri, kila chumba kihesabie mwezi mmoja mtupu kwa mwaka: mpangaji ametoka, unapaka rangi, unabadilisha kitasa, unasubiri mwingine. Hiyo ni Sh900,000. Umebaki na Sh9,900,000.

Kisha kodi ya zuio, yaani ile ya TRA juu ya pango. Kwa mtu binafsi mkazi anayepangisha nyumba ni asilimia 10 ya pango ghafi. Ghafi maana yake fundi, mlinzi na riba ya benki havipunguzi kitu. TRA inahesabu kutoka juu. Hapa ni Sh990,000. Ukipangisha kwa kampuni, taasisi au shirika, wao hukata hiyo asilimia 10 kabla ya kukulipa, na wajibu wako ni kuwadai cheti cha kodi ya zuio ili usije ukadaiwa mara ya pili. Kosa la kila siku ni kukubaliana nao "laki tisa" huku wewe ukifikiria laki tisa mkononi. Utapokea Sh810,000. Ukitaka 900,000 safi, mkataba uandikwe Sh1,000,000, kwa sababu 900,000 ugawe kwa 0.9.

Matengenezo yawekee pango la mwezi mmoja la nyumba nzima, Sh900,000 kwa mwaka. Mwaka wa kwanza utaona umezidisha. Mwaka wa nne koki, rangi, bawaba na bomba za choo zitakuja pamoja, na fedha uliyoacha kuitenga mwaka wa kwanza ndiyo utakayoitafuta. Mlinzi wa kushirikiana na jirani, taka na taa za nje tuseme Sh60,000 kwa mwezi, yaani Sh720,000. Kunyonya shimo la choo mara mbili kwa mwaka, tuseme Sh240,000. Kodi ya majengo na kodi ya ardhi kwa pamoja tuweke Sh70,000.

Jumla ya makato baada ya miezi mitupu ni Sh2,920,000. Kinachobaki kwa mwaka ni Sh6,980,000, sawa na Sh581,000 na ushee kwa mwezi. Tulianza na laki tisa.

Ada ya dalali haimo kwa makusudi, maana kwa desturi yetu mpangaji ndiye humlipa, mara nyingi pango la mwezi mmoja. Lakini chumba kikikaa wiki ya sita bila mtu, utajikuta unamwahidi dalali kitu kidogo ili alete mtu kwako kwanza. Kitoe kwenye fungu la miezi mitupu.

Nyumba inabeba deni kiasi gani

Riba za mikopo ya nyumba nchini kwa miaka ya karibuni zimekuwa zikizunguka kati ya asilimia 13 na 19 kwa mwaka. Tutumie 17. Kwa kila Sh1,000,000 unayokopa kwa riba inayopungua pamoja na salio, rejesho la mwezi ni hili:

Miaka 3: Sh35,653
Miaka 5: Sh24,853
Miaka 7: Sh20,436
Miaka 10: Sh17,380
Miaka 15: Sh15,390

Tazama mistari miwili ya mwisho. Kuongeza miaka mitano, kutoka 10 hadi 15, kunakupunguzia chini ya Sh2,000 kwa kila milioni. Muda wa mkopo ukishazidi miaka kumi, mwanzoni karibu rejesho lote ni riba na deni lenyewe halisogei. Afisa mikopo atakayekuambia "tukuongezee muda upate nafuu" yuko sahihi kutoka mitatu kwenda mitano. Kutoka kumi kwenda kumi na tano anajisaidia yeye.

Sasa jaribu kukopa Sh40,000,000 kwa ile nyumba ya vyumba sita. Miaka 5, rejesho ni Sh994,000. Miaka 10, Sh695,000. Miaka 15, Sh616,000. Nyumba inabakiza 581,000. Hakuna muda hapo unaokutosha. Riba ya mwezi wa kwanza peke yake ni Sh566,667, yaani nyumba ingefanya kazi mwezi mzima kulisha riba, na shilingi 15,000 tu ndizo zingebaki kupunguza deni.

Jibu hulipati kwa kuhama benki. Tuseme kiwanja na ujenzi wa vyumba hivyo sita vimekula milioni 85: ukigawa Sh6,980,000 kwa 85,000,000 unapata kama asilimia 8. Nyumba inazalisha 8, deni linakula 17. Kila milioni ya mkopo inahitaji zaidi ya milioni mbili za fedha yako pembeni ili pango liibebe. Ndiyo maana mtu anayejenga yote kwa mkopo akitegemea wapangaji walipe huishia kulipa kwa mshahara wake, na mshahara ukiyumba huishia kuuza.

Njia ya kupata kiasi sahihi ni kurudi nyuma. Chukua kinachobaki kwa mwezi, ukigawe kwa 1.3 ili ibaki nafasi ya kupumua: 581,667 kwa 1.3 ni Sh447,000. Hilo ndilo rejesho la juu kabisa. Gawa 447,000 kwa namba ya muda uliouchagua kwenye orodha ya juu. Kwa miaka 5 unapata milioni 18. Kwa miaka 10, milioni 25 na laki saba. Basi. Zaidi ya hapo utakuwa unakopa kwa matumaini.

Jihadhari pia na riba isiyopungua, ile inayopigwa juu ya mkopo wa mwanzo hadi mwisho. Milioni 40 kwa asilimia 17 isiyopungua, miaka 5, inazaa riba ya milioni 34 na rejesho la Sh1,233,000 kwa mwezi. Kwa riba inayopungua, asilimia ileile na muda uleule, riba yote ni kama milioni 19 na laki sita. Asilimia ni moja, tofauti ni zaidi ya milioni 14. Usiulize "riba asilimia ngapi" peke yake. Omba jedwali la marejesho lililochapishwa, jumlisha safu ya mwisho, ulinganishe jumla kwa jumla. Na mikopo ya kausha damu ya asilimia 10 au 20 kwa mwezi haina nafasi yoyote kwenye nyumba, hata kwa wiki mbili za kumalizia milango.

Mkopo wa kumalizia

Kwa kuwa deni ni ghali kuliko pango, swali la maana ni lini uuchukue mkopo. Kila mwezi kati ya siku fedha inapoingia akaunti yako na siku mpangaji wa kwanza anapolipa ni mwezi wa riba bila mapato. Ukikopa wakati unachimba msingi, miezi hiyo inaweza kufika kumi na minane. Ukikopa wakati boma limeezekwa, madirisha yana nondo na kilichobaki ni lipu, sakafu, mabomba, nyaya, milango na rangi, inaweza kuwa minne.

Mpangilio unaofanya kazi huku ni huu: kiwanja kwa fedha taslimu, msingi na kuta kwa akiba au kwa kupokezana kwenye kikundi, kuezeka kwa bonasi au mavuno, kisha mkopo mmoja mfupi wa kumalizia. Boma lililoezekwa halidai riba. Likikaa mwaka, hasara yake ni ndogo kuliko mwaka wa rejesho bila mpangaji. Usiliache tu bila bati masika mawili. Tofali na linta zinanyonya maji na fundi lipu atakula sementi mara mbili.

Ukichukua milioni 18 kwa umaliziaji, weka kando rejesho la miezi mitano kabla hujamwita fundi: minne ya kazi, mmoja wa kutafuta wapangaji. Ni Sh2,235,000. Kwa hiyo fedha ya ujenzi kwenye milioni 18 ni 15 na ushee, na ukitoa gharama za benki zinapungua tena. Benki nyingine hutoa muda wa kusubiri kabla ya rejesho la kwanza. Uombe, lakini uulize kama riba inaendelea kuhesabiwa. Kwa kawaida inaendelea, na kwa milioni 18 ni Sh255,000 kwa mwezi inayoongezwa kwenye deni.

Maliza vyumba viwili viwili. Wapangaji wawili wa mwanzo wakishaingia, pango lao linasaidia kubeba rejesho wakati fundi yuko kwenye vile vinne. Kelele na vumbi watavilalamikia. Wapunguzie pango kidogo kwa miezi hiyo na uandike kwenye mkataba kwamba punguzo lina mwisho.

Fedha inatoka wapi

Mkopo wa nyumba wenye rehani ndio wenye muda mrefu na masharti mazito. SACCOS hukopesha kwa kuzidisha akiba yako, mara nyingi mbili au tatu, na kwa umaliziaji mara nyingi ndiyo inayofaa zaidi: riba ya wastani, muda wa miaka mitatu hadi mitano, wadhamini ni watu mnaojuana. VICOBA ni vya milango na rangi, si vya paa.

Mkopo wa mshahara ndio unaojenga nyumba nyingi za walimu na wauguzi kuanzia Moshono hadi Rau, na una sifa moja nzuri: rejesho hukatwa kwenye mshahara, hivyo chumba kitupu hakikuletei barua ya benki. Hatari yake ni kwamba unaficha ukweli wa nyumba. Sheria inataka theluthi moja ya mshahara ibaki, na mtu akishafika kwenye theluthi anaishi kwa pango. Pango likichelewa wiki mbili, nyumbani hakuna sukari. Hata ukikopa kwa mshahara, ipige ile hesabu ya 1.3 kana kwamba nyumba ndiyo inayolipa.

Karatasi zinazokwamisha

Rehani ya benki inataka hati. Mkataba wa mauziano uliogongwa muhuri wa serikali ya mtaa unathibitisha kwamba mliuziana. Hauwezi kusajiliwa rehani. Kwa karatasi hiyo utapata mkopo mdogo wa muda mfupi na riba ya juu. Kama kiwanja kimepimwa lakini hati haijatoka, ifuatilie kwanza, mkopo baadaye. Kukimbizana na vyote viwili kwa pamoja humaliza muda wa ofa ya benki.

Kihamba ni jambo la peke yake. Ardhi ya ukoo Uru, Kibosho au Machame inaweza kuwa na thamani kubwa machoni pa watu na thamani sifuri mbele ya afisa mikopo, kwa sababu hakuna mnunuzi wa nje atakayeingia kati ya makaburi ya babu na mgomba wa shangazi. Ukijenga vya kupangisha kihambani kwa ajili ya wanafunzi au wafanyakazi, panga kwa fedha taslimu tu, na upate maandishi ya ndugu kabla ya tofali la kwanza. Ugomvi wa urithi hauanzi wakati wa msingi. Huanza siku mpangaji wa kwanza anapolipa.

Kabla ya kununua au kuweka rehani, fanya upekuzi ofisi ya ardhi ya mkoa: jina, namba ya kiwanja, kama kuna rehani nyingine au zuio, kama kodi ya ardhi inadaiwa. Mwenza wako lazima aridhie rehani ya nyumba ya ndoa kwa maandishi. Benki isipoidai ridhaa hiyo, ni dalili mbaya kuhusu benki.

Gharama za kuupata mkopo zikusanye kwenye karatasi moja: mthamini, mwanasheria, usajili wa rehani, ada ya mkopo, bima ya moto na bima ya maisha ya mkopaji. Zikifika asilimia 4 ya milioni 18, ni Sh720,000 zinazotoka kabla hujanunua mfuko wa sementi. Mthamini atatoa bei mbili, ya soko na ya kuuza kwa haraka. Benki huangalia sana ile ya pili, nayo ni ndogo, kwa hiyo usishangae nyumba ya milioni 85 ikikopesheka kama ya milioni 55.

Kuipanga kalenda

Hapa ndipo nyumba nyingi nzuri zinapoangukia. Vyumba sita, kila mpangaji akilipa miezi sita, vinaweza kukupa Sh5,400,000 mara mbili kwa mwaka au Sh900,000 kila mwezi. Jumla ni ileile. Ya pili inalipa rejesho, ya kwanza inakujaribu.

Ili ufike kwenye ya pili, mikataba ya mwanzo isilingane. Tuseme wote wanaingia Juni 1. Wa kwanza mpe mkataba wa miezi 3, wa pili 4, wa tatu 5, wa nne 6, wa tano 7, wa sita 8. Baada ya hapo wote wanahamia kwenye miezi sita sita. Kuanzia Septemba, kila mwezi chumba kimoja kinalipa Sh900,000: Septemba, Oktoba, Novemba, Desemba, Januari, Februari, kisha mzunguko unaanza upya Machi hadi Agosti.

Siku ya kwanza utapokea miezi 33 kwa jumla, Sh4,950,000. Zitakupa kichwa. Toa kodi ya zuio Sh495,000, marejesho matatu ya Juni, Julai na Agosti Sh1,342,000, na gharama za miezi hiyo mitatu Sh483,000. Inabaki Sh2,630,000. Hiyo siyo faida. Ni akiba ya nyumba: marejesho matatu, na juu yake fedha ya ajali moja kubwa, paa kupeperuka au shimo la choo kubomoka. Iweke akaunti ambayo kadi yake huitembezi.

Ukishatulia, katika kila 900,000 inayoingia, Sh90,000 ni ya TRA, Sh161,000 ni ya gharama, Sh67,000 ni ya miezi mitupu ijayo, Sh447,000 ni ya benki. Yako ni Sh134,000 hivi. Inachekesha kidogo, mtu mwenye vyumba sita anakula laki moja na thelathini, lakini deni la miaka mitano likiisha inageuka 581,000.

Sasa nani umpe mwezi gani. Arusha mjini, waongoza watalii, madereva wa safari na wafanyakazi wa hoteli hushiba Julai hadi Oktoba na tena Desemba hadi Februari. Aprili na Mei, masika, magari yamepaki na wengine wako likizo isiyo na malipo. Mpangaji wa namna hiyo mpe chumba kinacholipa Agosti na Februari. Ukimpa kile cha Aprili na Oktoba, unajitafutia ugomvi ambao si kosa lake. Cha Aprili mpe mwenye mshahara wa serikali au wa taasisi.

Moshi, mwezi mgumu ni Januari. Watu wametoka kwenye Krismasi, nauli zimepanda, ng'ombe ameliwa, na ada inadaiwa. Chumba cha Januari na Julai kipe mtu asiyesomesha, au kisogeze mbele kwa mkataba wa miezi saba wa mara moja.

Vyumba vya wanafunzi karibu na Chuo cha Uhasibu (IAA) Njiro, au Moshi karibu na Chuo cha Ushirika, Chuo Kikuu cha Mwenge au chuo cha tiba cha KCMC, vina kalenda yake. Masomo huanza kati ya Oktoba na Novemba, na miezi miwili mitatu ya katikati ya mwaka vyumba hubaki na vitanda tu. Hesabu miezi 9 au 10 ya mapato, na bei ya mwezi ipandishe kulingana na hilo. Usichukue pango la mwaka ukaligawa kwa 12 halafu ukashangaa Agosti. Wanafunzi wa tiba hubaki muda mrefu zaidi kwa ajili ya mazoezi ya hospitali, kwa hiyo Longuo, jirani na KCMC, haifanani na Njiro. Fedha hulipwa na mzazi, kwa mihula, na mwanafunzi anayetegemea mkopo wa serikali atakulipa siku mkopo ukishuka. Iandike tarehe hiyo kama makadirio.

Na AFCON 2027. Uwanja mpya Arusha umepandisha midomo ya madalali kuliko ulivyopandisha mapango. Mashindano ni ya mwezi mmoja hivi; mkopo ni wa miezi 60. Kama una nyumba tayari na unaweza kuiweka samani kwa wageni wa mwezi huo, vizuri. Kukopa kwa ajili hiyo, hapana.

Mahali fedha inapovuja

Maji. Mita moja ya mamlaka ya maji, AUWSA kwa Arusha au MUWSA kwa Moshi, kwa vyumba sita maana yake bili ni yako na makusanyo ni ya mdomo. Mmoja akisafiri, mwingine akagoma kuchangia, unalipa wewe ili wasikatiwe wote. Weka mita ndogo kwa kila chumba wakati wa kufunga mabomba, kabla ya vigae. Baada ya vigae gharama ni kubwa zaidi. Simtanki la lita 5,000 juu ya mnara wa chuma linaokoa pango kuliko rangi ya ukuta, kwa sababu mtaa wenye mgao mpangaji anauliza maji kabla ya kuuliza bei. Ukifikiria kisima upande wa Arusha, pima floridi kwanza. Maji ya chini ya ardhi hapa mara nyingi yana floridi nyingi, na kisima cha mamilioni kinachoharibu meno ya watoto hakikupandishii pango.

Umeme. LUKU ya kila chumba inamaliza kesi za pasi na jagi. Kumbuka kodi ya majengo hukatwa humohumo: tangu Julai 2023 ni Sh1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kwa hiyo mpangaji anakulipia kodi yako bila kujua, na siku akijua atataka irudi. Andika kwenye mkataba kwamba utamrudishia kwenye pango. Kama mita kadhaa za jengo moja zote zinakatwa, peleka namba zake kwa wanaosimamia kodi hiyo zirekebishwe.

Mkataba. Ushuru wa stempu ni asilimia 1 ya pango la mwaka: kwa Sh150,000 kwa mwezi ni Sh18,000. Watu hukwepa kwa sababu ni kero, halafu mpangaji akigoma kutoka wanakuta mkataba usio na stempu haupokelewi kama ushahidi Baraza la Ardhi na Nyumba. Pia usiandike dola. Kanuni za Machi 2025 zimekataza bei na malipo ya ndani kwa fedha za kigeni, isipokuwa kwa makundi machache yaliyotajwa, na nyumba za Sakina na Njiro zilizozoea dola zimo kwenye katazo hilo.

Mpangaji akichelewa, mkumbushe siku ya tatu kwa simu, siku ya saba kwa maandishi yenye nakala kwa mtendaji wa mtaa. Kung'oa mlango au kufunga kufuli la pili kunageuza deni lake kuwa kesi yako. Mwenye historia nzuri mkubalie alipe mwezi mwezi kwa muda. Fungu lako la miezi mitupu lipo kwa ajili hiyo.

Kupandisha pango kuna hesabu yake. Kutoka 150,000 hadi 170,000 ni ongezeko la Sh240,000 kwa mwaka. Mpangaji akihama kwa sababu hiyo, mwezi mtupu ni 150,000, rangi na kitasa tuseme 80,000. Umebakiwa na Sh10,000 na mpangaji usiyemjua. Pandisha chumba kinapobadilisha mtu, na kwa wa zamani pandisha kidogo, kwa taarifa ya miezi mitatu.

Kulipa zaidi ya rejesho

Akiba ikishajaa na nyumba ikaendelea kubakiza, ziada ipeleke kwenye deni mapema. Kwa mkopo wa milioni 18 wa asilimia 17, milioni moja ya ziada mwishoni mwa mwaka wa kwanza inaokoa riba nyingi kuliko milioni hiyohiyo mwaka wa nne, kwa sababu inazuia riba ya miaka minne badala ya mmoja. Kabla ya kulipa, soma kipengele cha adhabu ya kulipa mapema, kisha peleka barua inayosema wazi kwamba fedha hiyo ipunguze salio la mkopo na muda ufupishwe, rejesho libaki lilelile. Usiposema, mfumo unaweza kuishikilia kama rejesho la mwezi ujao na riba ikaendelea kama kawaida. Omba jedwali jipya la marejesho siku hiyohiyo, ulinganishe mstari wa salio na wa zamani kabla hujaondoka dirishani.